SIMU INALIA, NANI AITIKE?



Usiku wa kuamkia Jumapili moja, katika yadi ya stesheni ambayo hatutaitaja, mwenzetu mmoja, shanta wa miaka mingi, alibanwa mguu baina ya bafa mbili. Mvua ilikuwa ikinyesha, taa ya mkono ikamponyoka, na mabehewa yakarudi nyuma kidogo tu. Basi. Tulimtoa, tukamfunga paja kwa mshipi wa kijana mmoja wa gangi, tukamlaza chini ya paa, na tukapiga simu.

Sasa sikieni habari ya simu hiyo. Nambari tuliyopiga ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa gari la wagonjwa la kaunti, gari lile lile lililozungushwa mjini kwa ngoma siku ya kuzinduliwa, na picha ya mkubwa mlangoni. Mmoja wetu alikuwa ameinakili ukutani mwa kibanda chetu kwa chaki. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mtu akaitika kwa sauti ya usingizi. Akasema yeye alikuwa dereva wa gari hilo, lakini kazi yake ilikuwa ya mkataba, na mkataba uliisha tangu mwezi wa pili. Simu ile ni yake mwenyewe, aliinunua kwa fedha zake, na sasa yuko kwao analima. Alituonea huruma, akatupa nambari ya mwenzake. Mwenzake alikuwa amezima simu.

Tukapiga nambari nyingine tuliyoijua. Huko mtu aliitika upesi, tena kwa adabu, akatueleza kwamba magari ya wagonjwa si kazi yao, ni kazi ya kaunti. Akatusomea nambari ya kaunti polepole ili tuiandike. Ilikuwa ile ile ya ukutani.

Kulipopambazuka alipita muuza maziwa na pikapu yake. Akashusha mitungi yake njiani, akampakia mwenzetu. Leo yu hai, lakini mguu hana, na daktari alituambia wazi kwamba mguu ulipotea kwa ajili ya saa zile za kungoja. Ana watoto watatu, na mkubwa wao yuko darasa la sita.

Hatukuandika haya ili watu watoe machozi. Twauliza neno moja: kuitika simu ile ni kazi ya nani?

Wakubwa wana jibu lao, nalo sisi wa reli twalijua sana, kwa kuwa ndiyo kazi yetu ya kila siku. Jina lake ni kushanti. Behewa la taka lasukumwa kutoka laini ya kwanza mpaka ya pili, kutoka ya pili mpaka ya tatu, na jioni laonekana limerudi pale pale lilipoanzia. Ukiwauliza watu wa kaunti, husema simu ni jambo la Serikali kuu. Ukiwauliza Serikali kuu, husema ambulansi ni jambo la kaunti. Kila mmoja anasema kweli nusu, na katika nusu hizo mbili ndimo mwenzetu alimolala akivuja damu.

Basi tusome sheria yenyewe, maana haikuandikwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iligawanya kazi. Serikali kuu ilipewa mambo ya simu na redio. Kaunti zilipewa afya ya kaunti, na hapo hapo, kwa jina lake, huduma ya ambulansi. Tena zikapewa kuzima moto na kushughulika na maafa, ingawa maafa yamo pia katika orodha ya Serikali kuu. Kifungu cha 43 chasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Hakikusema asinyimwe mchana, au asinyimwe kama anamjua diwani.

Ni kweli kwamba Jedwali hilo halikuandika neno simu kando ya neno ambulansi, na wako watu wajanja wanaojificha nyuma ya jambo hilo. Lakini hebu niambieni, ambulansi isiyoweza kuitwa ni ambulansi gani? Ukimwajiri mtu kuwa mlinzi wa geti la reli, hapana haja ya kuandika katika barua yake kwamba awe na macho. Aliyepewa kazi ya ambulansi amepewa na kazi ya kusikia anapoitwa. Bila hiyo ana gari la kupamba kituo tu.

Tena iko Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Kifungu chake cha 7 chasema kila mtu ana haki ya matibabu ya dharura, na matibabu hayo yaanza kabla ya kufika hospitali. Sheria hiyo hiyo yasema hospitali yenye uwezo ikikataa kumtibu mtu wa dharura, yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 3,000,000. Ni sheria njema. Nchi nzima yakumbuka mwaka 2015 mjini Nairobi, mtu aliyegongwa na gari alivyokaa ndani ya ambulansi muda wa saa 18 akizungushwa hospitali hadi hospitali, kisha akafa. Lakini tazameni mahali faini hiyo ilipowekwa. Imewekwa kwenye lango la hospitali. Anayekufungia lango ataulizwa. Asiyeitika simu, hata hujafika langoni, haulizwi na mtu, wala hatoi senti moja. Sisi twasema lango la kwanza la hospitali ni simu, na lango hilo halina bawabu.

Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa habari ya mtu aliyeangushwa na wanyang'anyi, na kuhani akapita upande wa pili wa njia. Kuhani yule twamlaumu, lakini angalau alikuwa njiani.

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi tungali wachanga. Basi tuitazame Ulaya na hiyo Marekani, tuone kama walianza wakiwa watu wazima.

Mwezi wa Novemba mwaka 1935 nyumba moja iliungua katika mtaa wa Wimpole, mjini London, wakafa wanawake watano. Jirani alikuwa na simu, akapiga. Lakini simu yake iliwekwa katika foleni pamoja na za watu waliokuwa wakiulizana habari za chai, na yeye akangoja huku akiona moto kwa macho yake. Alikasirika, akaandika barua kwa gazeti. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 30 Juni 1937 laini ya 999 ikaanza kazi mjini humo. Angalieni: si wakubwa walioota ndoto usiku. Ni mtu mmoja aliyekataa kunyamaza. Kisha, mwaka 1947, Sheria ya Zimamoto ya Uingereza iliziamuru serikali za mitaa ziwe na mipango iliyo thabiti ya kupokea simu za watu wanaoomba msaada na ya kuwaita wazima moto. Amri hiyo iliandikwa tena katika sheria yao ya mwaka 2004. Yaani kumiliki gari jekundu hakutoshi. Kuitika ni sehemu ya kazi, na sheria yasema hivyo.

Huko Marekani simu ya kwanza ya 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968, katika Haleyville, mji mdogo wa jimbo la Alabama. Haikuanza New York wala Chicago. Ilianza kwenye mji ambao wengi wetu tusingeujua jina. Mwaka 1972 jimbo la California lilitunga sheria iliyozitaka serikali zake za mitaa ziweke laini hiyo, na gharama ikatafutwa katika ushuru mdogo juu ya bili za simu.

Lakini kisa kinachotuhusu sana ni cha jimbo la New York, na twaomba kila mwenye kiti katika kaunti zetu akisome mara mbili. Mwaka 1976 mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mji wa Buffalo alipiga 911, kwa kuwa mwizi alikuwa anavunja nyumba yake. Aliambiwa msaada waja sasa hivi. Mpokea simu alikosea tarakimu moja ya nambari ya nyumba, akaandika 2 mahali pa 3, tena akadhani nyumba imo mjini Buffalo, kumbe ilikuwa katika kijiji cha jirani. Askari wakaenda mahali pasipo na nyumba kama hiyo. Wakarudi, na hapana aliyefuatia. Mama yule alichomwa kisu akafa, na kituo cha polisi cha kijiji chake hakikuwa mbali.

Kesi ikaenda mpaka mahakama kuu kabisa ya jimbo, ikaamuliwa mwaka 1983. Kwa desturi mahakama za huko husema kwamba kazi ya polisi ni kwa umma wote, na mtu mmoja hawezi kudai fidia kwa sababu hawakumfikia yeye. Lakini safari hii majaji walikataa udhuru huo. Mlijiwekea laini, mkawaambia watu waipige, naye akapiga, mkamwambia mwaja, akawategemea. Basi mlikuwa na wajibu kwake. Mji na kaunti, wote wawili, wakapatikana na hatia ya uzembe, na fidia ilikuwa dola 800,000. Hapana aliyeruhusiwa kushanti behewa kwa mwenzake.

Sasa turudi kwetu. Sisi tunayo nambari iliyoandikwa ubavuni mwa gari. Walioiandika walituambia tuipige. Tulipiga.

Tusikie na udhuru wanaoutoa. Wa kwanza ni kwamba watu huchezea simu za dharura, watoto na walevi hupiga wakitukana. Ni kweli, na wengine wao ni watoto wetu. Kila mzazi anayesoma karatasi hii amwonye mwanawe leo jioni. Lakini walevi hutembea relini vilevile, na bado hatujasimamisha treni.

Udhuru wa pili ni huu mpya: kwamba kaunti ina ukurasa wake katika intaneti, na mkubwa mwenyewe husoma ujumbe. Loo! Mtu aliyebanwa mguu aandike ujumbe, angoje uwekwe alama ya kupendwa?

Wa tatu ni fedha, na hapo tutakaa kidogo, kwa sababu hesabu za zamu ndiyo shule yetu. Juma lina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 48 kwa juma, kiti kimoja chahitaji watu watatu na nusu. Ongeza likizo ya siku 21 ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa kila mfanya kazi, ongeza sikukuu na siku za ugonjwa, utapata watu watano kwa kiti kimoja kisichokaa wazi hata dakika moja. Weka viti viwili, ili mmoja aseme na aliyeumia na wa pili aseme na dereva. Ni watu kumi. Kaunti zote 47 zikifanya hivyo, ni watu 470 katika nchi nzima. Twaambiwa fedha za watu kumi hazipatikani na kaunti zenye kuajiri watu kwa maelfu! Kila mmoja wetu ahesabu walinzi, wapiga picha na madereva wa msafara mmoja wa wakubwa uliopita barabarani kwake mwezi huu, kisha atuambie.

Na kaunti ambayo kweli ni maskini, au yenye watu wachache na nchi kubwa, haikufungiwa njia. Kifungu cha 189 cha Katiba chaziruhusu serikali kushirikiana na kuunda kamati za pamoja. Kaunti tatu zaweza kuwa na chumba kimoja cha simu na kugawana gharama. Nambari fupi hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Serikali kuu nayo hukata ushuru kila tununuapo krediti, hata ya shilingi kumi. Haitafaa nayo ituambie haimo.

Ndugu, kwa nini sisi wa reli tuingilie jambo hili? Wako waliotuuliza, hata ndani ya chama: je, tusingedai nyongeza ya mshahara tukaacha mengine? Jibu ni kwamba sisi twajua jambo hili kuliko wengi. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa ikafika ziwani mwaka 1901, waya wa telegrafu ulikwenda nayo. Hapana mhandisi aliyethubutu kupeleka treni mbele bila njia ya kuulizia kama kuna treni nyingine inakuja. Mpaka leo, kontrola hawezi kuondoka kitini kwa kuwa saa yake imetimia. Hungoja mwenzake aketi, asome kitabu, atie sahihi, ndipo naye achukue kofia yake. Kila wito huandikwa: saa ngapi, nani alisema, akajibiwa nini. Likitokea jambo, kitabu hufunguliwa, na aliyelala hujulikana kwa jina. Hayo hayakuletwa na upendo. Yaliletwa na ajali, na watu waliokufa, na ripoti zilizoandikwa baada ya mazishi.

Yule dereva aliyekuwa akilima, je? Sisi hatumlaumu hata kidogo. Kaunti ilichukua simu yake, ikaifanya ofisi, kisha ikamfukuza yeye na ofisi ikaenda naye shamba. Hilo ni jambo la chama cha wafanya kazi hasa. Kazi ya uhai wa watu hupewa mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, asiye na zamu, asiye na wa kumpokea, anayejinunulia krediti. Tutakaposema tunataka simu iitikiwe, maana yake twataka pia anayeitika awe na kazi ya kudumu, mshahara wa mwisho wa mwezi, na mwenzake wa kumpokea.

Tawi letu halikukaa kimya. Tuliandika barua kwa kaunti inayohusika chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, tukauliza mambo manne: ni nambari gani hasa ya kuita ambulansi na zimamoto, ni watu wangapi wanaipokea usiku, simu zinazoingia zaandikwa wapi, na gari huchukua muda gani kufika. Sheria hiyo yatoa siku 21 za kujibu, na ikiwa habari yahusu uhai wa mtu, saa 48. Siku 21 zimepita. Tulipokea barua ya kutuarifu kwamba barua yetu imepokelewa. Ile nambari ingali ubavuni mwa gari, rangi yake safi kabisa. Inaonekana gari limeoshwa.

Kwa hiyo sasa twaenda katika Bunge la Kaunti. Kifungu cha 37 cha Katiba na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 vyatupa haki ya kupeleka ombi, nalo si ombi la kupiga magoti. Twataka bunge hilo litunge sheria, maana linao uwezo huo. Sheria iseme wazi kwamba kaunti lazima iwe na nambari moja fupi, ya bure, inayoitikiwa usiku na mchana na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, kwa Kiswahili na kwa lugha za watu wa mahali pale. Kila wito uandikwe. Kila miezi mitatu idadi ya simu zilizopigwa na zilizoitikiwa, na muda wa gari kufika, vibandikwe katika kila kituo cha afya na kusomwa bungeni. Nambari isiyofanya kazi ifutwe garini siku hiyo hiyo. Na awepo ofisa mmoja, kwa cheo chake, atakayeulizwa simu isipoitikiwa, kama vile kontrola aulizwavyo.

Makadirio ya fedha hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ombi likifika mwezi wa Mei tutaambiwa hela zimekwisha kugawanywa, njooni mwakani. Hatutawapa nafasi ya kusema hivyo.

Karatasi za kutia sahihi ziko kwa makatibu wa matawi, katika karakana, kwa watu wa gangi na katika vyumba vya kupumzikia vya madereva. Kila mwanachama atie sahihi yake na nambari ya kitambulisho, kwa herufi zinazosomeka, na awalete jirani zake wasio wa reli pia, mama mboga, watu wa bodaboda, waalimu. Mwenzetu aliyepoteza mguu ametia sahihi ya kwanza. Muuza maziwa ametia ya pili. Karatasi zirudishwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi wa pili, nasi tutazipeleka bungeni kwa miguu, mchana, wote pamoja. Watakaokuwa zamu siku hiyo wabaki kazini. Simu za reli zisiachwe bila mtu.